Kuongoza Vijana wa Hoki ya Barafu Katika Mechi ya Ugenini ya Bao Moja

Mcheza kwao hutunzwa, lakini mtoto wa Nairobi anayecheza hoki ya barafu hana budi kutoka kwao ili apate mpinzani. Kiwanja tunachokitegemea ni kile kilichofunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, na hapo ndipo timu ya Ice Lions ilipoanzia mwaka 2016. Kwa muda mrefu wachezaji hao walijigawa makundi mawili na kushindana wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa hapakuwa na timu nyingine ya kukutana nayo. Walipofika Kanada mwaka 2018, ambako Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa mchezo huu kutoka Kanada, walivaa jezi na kucheza upande wao, ndipo walipoonja mechi ya kweli dhidi ya wageni. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IIHF. Vijana wanaojifunza leo watasafiri zaidi ya kaka na dada zao waliowatangulia, na sisi tunaowasindikiza tunapaswa kujua la kufanya mechi ikiwa ya vuta nikuvute.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya kocha, msaidizi wake au mzazi atakayesimama benchini ugenini, saa ya ukutani ikionyesha dakika tano na tofauti ikiwa bao moja. Mimi ni msaidizi, na kazi yangu siku ya mechi ni kufungua na kufunga mlango wa benchi. Nikiwa mlangoni hapo nimejifunza kwamba vijana wetu hawashindwi kwa kukosa kasi wala kipaji. Hushindwa kwa kuchelewa kutoka barafuni, maana katika mchezo huu wachezaji hupokezana kila baada ya sekunde chache, hata mchezo ukiwa unaendelea. Kwa hiyo maelezo mengi yaliyomo humu yanahusu namna ya kumtoa mtoto kabla hajachoka, na yaliyobaki ni ya kuusaidia mlango huo ufanye kazi yake.

Uwanja mkubwa kuliko tuliouzoea

Kiwanja cha kimataifa kina urefu wa mita 60 na upana wa kati ya mita 26 na 30, na kila timu huingiza wachezaji watano pamoja na kipa. Chetu ni kidogo kuliko hicho, na katika mazoezi mara nyingi tunachezesha watatu kwa watatu au wanne kwa wanne. Mtoto aliyekulia katika eneo dogo hupata mikono myepesi na jicho la haraka, kwa sababu mpinzani yuko karibu naye wakati wote, lakini miguu yake haijazoea umbali. Akiingia katika uwanja wa mita 60 huifuata paki, yaani kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa gongo, kila inakokwenda, kama alivyozoea nyumbani, na baada ya nusu dakika amekwisha kuteleza mwendo ambao nyumbani ungemchukua muda mrefu zaidi.

Tiba yake huanza wiki tatu au nne kabla ya safari, na haihitaji barafu. Tafuta uwanja wa shule wenye sakafu ngumu au eneo la kuegesha magari lililo tupu Jumapili asubuhi, omba ruhusa ya mwenyewe, kisha upime mita 60 kwa 30 kwa kamba. Chora kwa chaki mstari mwekundu katikati na mistari miwili ya buluu inayotenga eneo la kila timu, kila mmoja takriban mita 23 kutoka ncha ya uwanja. Vijana wengi wa Nairobi walijifunza kuteleza kwa viatu vya magurudumu kabla ya kukanyaga barafu, kwa hiyo wape hivyo, uwagawe watano kwa watano, nawe usimame pembeni ukiwa na saa ya kupimia. Sekunde 40 zikifika piga kipenga, na wote watoke hata kama mmoja wao yuko peke yake mbele ya lango. Watalalamika. Endelea hivyo hivyo mpaka miili yao ianze kuhisi sekunde 40 bila kipenga, maana ugenini hakutakuwa na kipenga cha kuwakumbusha.

Jambo jingine ambalo uwanja mdogo hautufundishi ni kosa linaloitwa aisingi. Mchezaji aliye katika nusu yake akiipiga paki ikavuka mstari mwekundu wa katikati na kwenda kupita mstari wa lango la wapinzani bila kuguswa, mchezo husimamishwa, paki hurudishwa karibu na lango la timu iliyoipiga, mwamuzi akaidondosha kati ya wachezaji wawili waigombee, na timu hiyo hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Maana yake ni kwamba watoto watano waliochoka, ambao walipiga paki mbali ili wapate kupumua, sasa watabaki barafuni mbele ya wapinzani watano wapya walioingia punde. Waonyeshe jambo hili kwenye chaki, tena na tena: paki ibebwe mpaka ivuke mstari mwekundu ndipo ipigwe, hata kama ni kwa hatua moja tu.

Kuhusu hewa, sina wasiwasi mkubwa. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mapafu ya watoto wetu hayatashangazwa na Johannesburg, ambayo nayo iko juu, na Cape Town iliyo kando ya bahari itawapa hewa nzito zaidi.

Karatasi, mabegi na chakula

Safari ya kwenda Afrika Kusini, ambako kuna viwanja vya barafu vinavyofikika kutoka kwetu kwa takriban saa nne za ndege, imekuwa rahisi tangu Januari 2023, kwa kuwa Mkenya huingia huko bila viza kwa hadi siku 90 katika mwaka. Hata hivyo mtoto anayesafiri bila wazazi wake abebe pasipoti, cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya wazazi iliyothibitishwa na wakili, na hati ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo mzazi anayekumbuka wiki ya mwisho amechelewa. Kusanya karatasi zote katika faili moja linalobebwa na mtu mzima mmoja, na nakala zake zibebwe na mwingine.

Magongo na viatu vya barafu viende katika mizigo ya chini ya ndege. Vyuma vya viatu vinolewe kabla ya kuondoka, kisha vivalishwe vifuniko vyake, na kila mtoto abebe kamba mbili za akiba na kitambaa kikavu. Kukutana pale kiwanjani Barabara ya Mombasa asubuhi ya safari kunafaa kuliko kila mzazi kwenda uwanja wa ndege kivyake, kwa sababu ni njia hiyo hiyo, na begi lililosahaulika hugunduliwa mapema.

Saa ya Johannesburg iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mtoto aliyezoea kulala saa tatu usiku atasinzia saa mbili za huko, nawe mwache alale. Siku ya mechi wale saa tatu kabla ya mchezo: wali au chapati na kuku, ndizi moja, maji. Maharagwe na vyakula vya mafuta mengi vingoje jioni.

Maneno matano ya benchi

Nje ya Afrika Mashariki tunayo faida ambayo timu nyingine hazina: tunapiga kelele kwa lugha ambayo wenyeji hawaielewi. Timu nyingi hutangaza mipango yao kwa sauti na wapinzani wakaisikia. Sisi tunaweza kupaza sauti na siri yetu ikabaki yetu. Lakini faida hiyo hupotea kila mtu anaposema lake. Nilipohesabu siku moja nilisikia amri nane tofauti zenye maana moja, baadhi Kiswahili, baadhi Kiingereza, na mtoto aliyekuwa na paki akageuka kututazama, akanyang'anywa.

Tulikubaliana maneno matano, na nakushauri uchague yako mapema na uyatumie hata katika mazoezi ya chaki. Neno «zamu» humwambia mchezaji arudi benchini mara paki itakapokuwa salama. «Mgongo» ni onyo kwamba mpinzani anamjia kwa nyuma. «Muda» humtuliza kwamba ana nafasi, ainue kichwa na atafute mwenzake. «Ukuta» humtaka aitoe paki kwa kuigongesha kwenye ukuta wa pembeni, hasa anapobanwa karibu na lango letu. «Kati» ni kwa mshambuliaji wa kati peke yake, arudi mbele ya kipa wetu. Yote ni ya silabi mbili au tatu na hayafanani kwa sauti, jambo lililo muhimu zaidi kuliko uzuri wa maneno yenyewe, kwa sababu ndani ya helmeti, makelele ya watazamaji yakirudi kutoka kwenye dari la chuma, mtoto husikia mwangwi zaidi ya neno.

Mzazi aliye jukwaani asitumie maneno hayo. Mwambie kwa heshima, kabla ya safari, kwamba ashangilie kadiri apendavyo ila amri zitoke sehemu moja.

Zamu, na mlango

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ukiwa na safu tatu za washambuliaji, yaani makundi ya watatu wanaoingia na kutoka pamoja, na kila safu ikacheza sekunde 40, kila mtoto hupumzika sekunde 80. Ukiwa na safu mbili, kama inavyotokea mara nyingi safarini kwa sababu nauli ni ghali na si kila mzazi ameimudu, hupumzika sekunde 40 tu. Hapo mtoto mmoja akikaa barafuni sekunde 70, mwenzake aliye benchini anapoa na safu inayofuata inaingia nusu nusu. Mtoto hakai kwa ubinafsi. Hukaa kwa sababu anahisi bado kidogo atafunga, na kwa sababu hatujamfundisha kwamba kutoka ni sehemu ya kucheza.

Katika safari yetu moja tulikuwa sare ya mabao matatu zikiwa zimebaki dakika sita. Kijana wetu mwenye kasi kuliko wote alikuwa ameingia vizuri, akazunguka nyuma ya lango lao mara mbili, na mimi mlangoni nikamwachia kwa kuwa nilitamani bao. Kisha nikaona alama ambayo sasa naitafuta kwa kila mtoto: aliweka gongo juu ya magoti yote mawili na kuinama, akiteleza bila kusukuma. Visigino vyake havikuwa vinainuka tena. Nilipotazama saa alikuwa amekaa dakika moja na sekunde 50. Winga wao alimpita kama amesimama, pasi ikaenda katikati, na tukafungwa bao la nne ambalo hatukulirudisha. Aliporudi benchini alisema, huku maji yakimdondoka kidevuni, «Kocha, nilidhani hata dakika moja haijaisha.» Nikamjibu kwamba kosa si lake, mlango ni wangu.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi. Mtu mzima mmoja, asiye kocha mkuu, hushika saa na daftari, na kazi yake ni moja tu: kuandika namba ya jezi na sekunde alizokaa barafuni. Sekunde 30 zikifika huita «zamu» kwa sauti ya kawaida, na 40 zikifika huita kwa nguvu. Benchi lina milango miwili. Walinzi hutokea mmoja na washambuliaji mwingine, ili wasigongane. Anayeingia humtazama mwenzake anayetoka, namba kwa namba, wala haruki ukuta kabla mwenzake hajafika karibu na benchi, kwa maana mchezaji wa sita akionekana barafuni na kushiriki mchezo mwamuzi hutoa adhabu ya dakika mbili. Adhabu ya namna hiyo katika mechi ya bao moja inauma kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa hakuna mpinzani aliyeisababisha.

Kumbuka pia kwamba mchezo unaposimama mgeni hutangulia kubadilisha wachezaji na mwenyeji hubadilisha wa mwisho. Kocha mwenyeji ataiona safu yako ndipo achague yake. Ukiwaweka wachezaji wako bora wote katika safu moja, atawatuma walinzi wake bora dhidi yao usiku kucha, na safu yako ya pili itakutana na washambuliaji wake bora. Ugenini napendelea safu zilizosawazishwa, kila moja ikiwa na mtoto mmoja anayeweza kubeba paki kuvuka mstari mwekundu. Makocha wengine watanipinga hapa, na nyumbani pengine wana haki.

Kipindi cha pili

Mechi kamili ina vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama. Timu hubadilishana malango baada ya kila kipindi. Katika kipindi cha kwanza na cha tatu benchi lenu liko upande wa lango lenu, kwa hiyo mlinzi aliyechoka ana mwendo mfupi wa kutoka. Katika kipindi cha pili benchi liko mbali na lango mnalolilinda, na mlinzi anayebanwa hawezi kutoka bila kuliacha lango wazi. Hapo ndipo timu isiyozoea uwanja mkubwa hufungwa mabao mawili kwa dakika moja na isielewe imekuwaje.

Kanuni yetu ya kipindi cha pili haina ubaguzi: hakuna mlinzi anayetoka mpaka paki iwe nyuma ya lango la wapinzani, na hutoka mmoja mmoja, aliye karibu na benchi kwanza. Kila anayevuka mstari mwekundu akiwa na paki, na hana mwenzake wa kumpasia, huisukuma chini kabisa kwenye kona yao ili wenzake wapate kubadilishana. Kijana mwenye kipaji huona hii ni kuitupa paki. Mweleze kabla ya mechi, kwa utulivu, kwamba katika kipindi hicho paki iliyoko konani mwao inampa mlinzi wetu pumzi, na pumzi hiyo ndiyo itakayomrudishia paki baadaye.

Mapumziko ni dakika 15, na vyumba vya ugenini mara nyingi ni baridi. Glavu zilizolowa zivuliwe, viatu vifutwe, kila mtu anywe maji kidogo kidogo. Kocha asiseme zaidi ya mambo mawili.

Adhabu

Kosa dogo lina adhabu ya dakika mbili, na timu hucheza pungufu mpaka muda uishe au wapinzani wafunge bao. Nimepitia daftari letu: makosa mengi ya kukwatua na kushikilia hufanywa na mtoto aliyekaa barafuni kupita kiasi, kwa sababu miguu isipofika gongo hunyoshwa. Ukifupisha zamu umepunguza adhabu bila kumkemea mtu.

Mkiwa wanne, zamu zishuke hadi sekunde 30, wachezaji wajipange mraba mbele ya lango, na magongo yawe chini barafuni kuziba njia ya pasi. Kwa kanuni za kimataifa timu iliyo pungufu inaruhusiwa kuipiga paki mbali bila kuhesabiwa aisingi, lakini mashindano ya watoto huwa na kanuni zake. Marekani, kwa mfano, iliondoa ruhusa hiyo mwaka 2017 kwa vijana wa miaka 14 na walio chini yao. Waulize waandaaji kabla ya mechi, na uwaulize pia kama saa husimama au inaenda mfululizo, kama sare huamuliwa kwa muda wa ziada, na kama kumgonga mpinzani kwa mwili kunaruhusiwa. Marekani iliondoa kugongana huko kwa watoto wa miaka 11 na 12 mwaka 2011, na Kanada ikafanya hivyo mwaka 2013. Mtoto wetu anayedhani kunaruhusiwa ataingia kibandani cha adhabu, na anayedhani hakuruhusiwi ataumia.

Dakika tano za mwisho

Mkiwa mbele kwa bao moja, kishawishi ni kurudi nyuma wote watano na kungoja. Usikubali. Paki ikikaa katika eneo letu kwa dakika tano, mwishowe itagonga kiatu cha mtu na kuingia langoni. Mpinzani asumbuliwe na mchezaji mmoja ndani ya eneo lake, wanne wamngoje karibu na mstari wa buluu, na anayepata paki aivushe mstari mwekundu kabla ya kuisukuma konani. Zamu sasa ni sekunde 30, hata kwa nyota wa timu, na hasa kwake. Kipa aambiwe kwamba akiweza kuikumbatia paki aikumbatie mwamuzi apige kipenga, ili wenzake wapumue na wabadilishane.

Kila timu ina mapumziko mamoja ya sekunde 30 kwa mechi nzima. Yaweke mpaka hapa, na ukiyaomba usiyatumie kugombeza. Piga goti walipo, ili macho yako yawe sawa na yao, onyesha kwa kidole nani anasimama wapi paki itakapodondoshwa, kisha nyamaza kwa sekunde zilizobaki wanywe maji.

Mkiwa nyuma kwa bao moja, yuko kipa wa kumtoa ili aingie mshambuliaji wa sita. Vijana wetu hawakuwahi kulijaribu jambo hili kiwanjani kwetu, na mara ya kwanza kipa wetu alitoka wakati paki ilikuwa miguuni mwa mpinzani. Mfundishe hatua zake polepole. Sekunde 90 zikibaki anaanza kutazama benchi kila paki inapoingia eneo la wapinzani. Kocha akiinua mkono, na paki ikiwa mikononi mwetu ndani ya eneo lao, kipa anateleza moja kwa moja hadi benchini bila kugeuka; wa sita haingii mpaka kipa awe amefika karibu kabisa. Paki ikipotea kabla hajafika katikati, anarudi. Fanyeni zoezi hilo mara 20 kwenye chaki, kipa akiwa amevaa vifaa vyote, kwa sababu umbali ule ukiwa umevaa pedi ni mrefu kuliko unavyofikiri.

Huenda lango tupu likafungwa na matokeo yakawa mabao mawili badala ya moja. Waambie watoto mapema kwamba uamuzi huo ni wa watu wazima, na kwamba hakuna atakayeulizwa juu yake.

Mtoto akigongwa kichwani

Mtoto aliyegongwa kichwa akaonyesha dalili yoyote, iwe kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kujibu polepole au kutojua ni kipindi cha ngapi, hachezi tena siku hiyo, hata akiwa mfungaji wenu pekee na zimebaki dakika mbili. Atasema yuko sawa. Atakuomba kwa machozi. Mwambie, «La, mwanangu, umekwisha kwa leo,» umvue helmeti na uishike wewe mwenyewe, kisha umkabidhi kwa mtu mzima asiye na kazi nyingine mpaka aonwe na daktari. Simu kwa wazazi ipigwe siku hiyo hiyo, kabla picha za mechi hazijawafikia. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu mechi ya bao moja hupumbaza watu wazima kuliko watoto.

Baada ya kipenga

Timu zitapanga mistari na kupeana mikono. Wetu watangulie kusogea, washindi au la, na nahodha awashukuru waamuzi. Chumbani usichambue mchezo. Mtoto aliyefungwa bao la mwisho dakika mbili zilizopita hasikii maelezo, na aliyelifunga bao la ushindi hayahitaji. Hesabu watoto, hesabu mabegi, kisha waache waimbe au wanyamaze.

Daftari la zamu lipigwe picha usiku huo, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa ndilo utakalolifungua mtakaporudi kwenye chaki. Jezi na pedi zitandazwe juu ya viti na mabomba hotelini, zisifungiwe zikiwa mbichi. Vyuma vya viatu vifutwe maji yote kwa kitambaa kikavu kabla ya kurudishiwa vifuniko, la sivyo vitashika kutu njiani, na Jumatano jioni tuna mazoezi Barabara ya Mombasa.